Ushirika wa Watu Wanane

Zahanati ya Diff,
Wajir.
16 Machi 1997

Mpendwa Shangazi Wawuda,

Pokea salamu kutoka huku juani. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo na vumbi. Wewe je? Goti bado linakugombeza ukipanda kilima cha kanisani? Nisalimie Bibi Samba na akina mama wote wa kikundi chenu.

Huu ni mwezi wa pili tangu niletwe Diff. Ukisimama nyuma ya zahanati unaoneshwa miti fulani na kuambiwa ile ni Somalia, nayo haina tofauti na hii yetu, miba mitupu. Maji ni ya kisima na yana chumvi. Chai yangu ya kwanza niliitema. Sasa nainywa na kuongeza kikombe. Watu ni Wasomali, wenye ngamia na mbuzi, na wananiita daktari ingawa nimewaeleza mara nyingi kwamba mimi ni muuguzi tu. Wakitaka kujua nimetoka wapi huuliza, "Wewe natoka Kenya?" Kana kwamba hapa ni ng'ambo. Mlinzi wetu, mzee Hared, ndiye mkalimani wangu. Herufi p kwake ni b, kwa hiyo kila asubuhi naambiwa "bole", hata kama sijafiwa.

Uliniuliza habari za kanisa. Shangazi, ondoa wasiwasi. Jengo hakuna, lakini Wakristo tupo. Tuko wanane, walimu wa shule ya msingi na polisi wa kambi. Kila Jumapili tunakutana katika darasa la nne, na wameniomba niwe kiongozi wao. Tunaimba, nasoma Neno, tunaombeana. Uliyonifundisha hayajapotea mchangani.

Jana nilikumbuka ukungu wa kwetu, ule unaoingia jikoni asubuhi bila kubisha hodi, na kengele inayosikika kabla kanisa halijaonekana. Nilitamani ndizi za kupikwa na nyama hata nikacheka peke yangu.

Mwanao,
Mwalugha


Wundanyi,
20 Aprili 1997

Mwanangu Mwalugha,

Amani ya Bwana ikufikie huko uliko. Sisi hatujambo. Goti ni lile lile, na sipendi kulitaja, maana likisikia jina lake linazidi.

Barua yako ilifika Jumatano, na Jumapili nikaisoma kanisani mbele ya watu wote. Ruhusa sikuomba. Nani aliyekulea? Nilipofika pale pa watu wanane katika darasa la nne, akina mama walipiga vigelegele. Bibi Samba, ambaye macho yalimwacha lakini masikio bado ni ya sungura, aliniambia nirudie. Nikarudia. Tangu siku hiyo kila Jumatano tunauombea Ushirika wa Diff, na mimi nikipita njiani naamkiwa kama mama wa mmisionari.

Nilimkumbuka mama yako. Alipotuacha ulikuwa na miaka mitano, na kaka yangu yuko bandarini Mombasa, anarudi mara moja kwa mwaka. Nikakuchukua wewe na kigodoro chako. Wakumbuka kwaya ya watoto? Ulikuwa ukilala umesimama. Nikikufinya unazinduka na kuimba ubeti usiokuwa katika wimbo wowote, tena kwa sauti kubwa, na watoto wenzako wanakufuata. Ningewezaje kujua kwamba usingizi ule ungezaa kiongozi wa ushirika?

Tumewakusanyia vitabu ishirini vya nyimbo. Fundi seremala ametengeneza sanduku na kuandika juu kwa rangi: KWA USHIRIKA WA WAKRISTO, DIFF. Limeondoka na lori hadi Garissa. Kutoka hapo litafuta njia yake.

Shangazi yako,
Wawuda


Diff,
8 Juni 1997

Mpendwa Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi na kikombe mkononi. Huku ni uzima, ila kazi ni nyingi.

Sanduku lilifika, likapitia kambi ya polisi. Wenzangu wamefurahi mno na wanawashukuru. Mzee Hared aliuliza, "Taktari, hii fitabu yote ya nini?" Nikamwambia ni vya nyimbo. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kuna mama mmoja hapa, Nurto, mkunga wa kienyeji. Mwanzo alinitazama kama mwizi wa kazi yake, lakini sasa akipata uzazi mgumu ananiita, nami nikikwama namwita yeye. Asubuhi huniletea maziwa ya ngamia. Yana ladha ya moshi, na yananikumbusha kibuyu cha bibi.

Shangazi, naomba usizisome barua zangu kanisani. Mambo ya huku ni ya kawaida. Nimeomba pia uhamisho kuja Voi au Mwatate. Nikipata nitakuwa karibu nawe.

Mwanao,
Mwalugha


Wundanyi,
3 Agosti 1997

Mwanangu,

U hali gani? Nimeota unakonda. Kula.

Umeniambia nisisome barua zako kanisani. Nimesoma hilo pia, na watu wakasema tazama unyenyekevu wake. Sasa akina mama wana ombi. Wanataka majina ya wale wanane, mmoja mmoja, ili kila mama achukue wake wa kumwombea kwa jina. Bibi Samba anataka polisi, kwa sababu, anasema, polisi wanasahauliwa katika maombi, hukumbukwa katika manung'uniko tu.

Niandikie upesi. Na uhamisho, mbona? Unawaachia nani kondoo hao?

Shangazi yako,
Wawuda


Wundanyi,
30 Novemba 1997

Mwalugha mwanangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Tangu Juni hujaandika. Redioni wanasema mvua imekata barabara za Garissa na Wajir, na watu wanakaa juu ya mapaa. Kwetu pia kilima kimeporomoka, shamba la migomba limeingia mtoni, lakini tuko hai.

Sitaki majina tena. Nataka mstari mmoja wa mkono wako.

Shangazi yako


Diff,
18 Januari 1998

Mpendwa Shangazi Wawuda,

Niko hai, na sijaugua. Nakuambia hilo kwanza ili upumue, maana yanayofuata si mazuri. Gari la kwanza baada ya miezi mitatu linaondoka kesho, nami nampa dereva barua hii.

Hakuna wanane, Shangazi. Hawakuwapo hata siku moja. Darasa la nne lipo, lakini Jumapili hufungwa kwa kufuli. Nilikuandikia vile kwa kuwa nilijua unachotaka kusikia, na ilikuwa rahisi kuliko kukueleza kwamba Jumapili zangu nilikuwa nikicheza karata kambini au kulala mpaka jua lizunguke. Si huku tu nilikoanza. Tangu chuoni nilikuwa nikiivaa imani nikikaribia nyumbani na kuivua basi likishapita Mwatate. Nilidhani ni jambo dogo, la mimi na Mungu, naye ana kazi nyingi.

Sanduku lenu lililetwa begani na polisi mmoja, Koplo Nguli, Mkamba wa upande wa Mwingi. Alilitua, akasoma maandishi, akaniuliza, "Daktari, kumbe kuna ushirika hapa? Niko Diff tangu mwaka jana na sikujua!"

Nikamwambia, "Tutaanza karibuni."

"Jumapili ipi?"

"Nitakujulisha."

Nikalisukuma sanduku chini ya kitanda. Koplo Nguli akawa anapita kila Jumamosi jioni. "Kesho je, daktari?" Nikasema kuna chanjo. Nikasema walimu wanasahihisha mitihani. Nikasema nina safari. Kufika Septemba aliacha kuuliza, lakini hakuacha kupita. Alikuwa akija, anasalimu, anasimama kidogo mlangoni akitazama chini ya kitanda, kisha anaaga. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mvua ilianza Oktoba. Mwanzo watoto walicheza. Baadaye mbuzi wakafa kwa mamia, kisha ngamia, halafu watu wakaanza kuletwa na homa. Zahanati ilijaa, tukawalaza barazani chini ya turubai. Tulikuwa mimi, Nurto na mzee Hared. Koplo Nguli alikuwa akiingia majini hadi kifuani na kuwabeba wagonjwa mgongoni kutoka maboma yaliyozingirwa. Hakuna aliyemtuma. Sijui aliwabeba wangapi. Nurto alianza kumwita mwanangu.

Katikati ya Desemba kwinini iliisha. Tulipiga simu ya upepo Wajir. Hakuna gari lililoweza kupita, na ndege haikuwa na mahali pa kutua. Ijumaa tarehe kumi na tisa wakamleta Nguli mwenyewe. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, akazinduka, macho safi kabisa.

"Daktari, leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

Akatabasamu. "Basi ni kesho." Akatweta. "Tusingoje kesho. Niombee sasa."

Nilipiga magoti, Shangazi. Wewe unajua ulinijaza sala ngapi tangu utotoni. Nilifungua kinywa na hakuna kilichotoka. Nikakimbilia Sala ya Bwana, nikaianza kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Nilipofika pa kusamehewa makosa sauti ilikatika, sikuweza kuendelea wala kurudi nyuma. Yeye akaipokea pale pale nilipoiachia, polepole, akaimaliza mpaka amina. Kisha akanipapasa mkono, akasema, "Asante, daktari."

Alinishukuru! Saa kumi alikata roho.

Mzee Hared alikuwa amesimama mlangoni. Hakunilaumu, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Taktari, huyu mtu naomba beke yake. Wewe kwa nini nyamaza?"

Nikasema sijui kuomba.

Akasema, "Mimi naomba mara tano. Siku ingine moyo iko mbali sana. Lakini mimi nakuja. Wewe hapana kuja."

Kumpeleka Mwingi haikuwezekana. Tulimzika hapa, nyuma ya kambi, mahali palipoinuka. Vijana wa Diff walichimba kaburi, wakisimama katika tope mpaka magotini, na wazee wao wakasimama kando kwa heshima hadi mwisho. Wakristo tulikuwa watano: polisi wawili, walimu wawili waliokwama bila kwenda likizo, na mimi. Nikalivuta lile sanduku. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Vitabu ishirini, Shangazi, nikafungua kimoja baada ya kingine, kurasa zilikuwa unga. Tukaimba tulichokumbuka, na pale Kiswahili kilipotuponyoka kila mtu akaendelea kwa lugha ya mama yake. Kisha nikawaambia waliokuwapo kwamba marehemu alingoja miezi saba kwa ajili ya ushirika, na mimi ndiye niliyemzungusha.

Nina ombi moja. Barua hii uisome kanisani kama ulivyozisoma zile nyingine. Yote, usiruke. Wamewaombea watu ambao niliwabuni, na wana haki ya kujua.

Nisamehe ukiweza.

Mwanao,
Mwalugha


Wundanyi,
29 Machi 1998

Mwanangu Mwalugha,

Nakusalimu, na nashukuru kwamba u hai. Barua yako niliipata tarehe nane Februari. Leo ni mwisho wa Machi. Ulikuwa unangoja, na ngoja ya hukumu ni ndefu. Kwa hilo nisamehe. Sasa nikueleze nilikokuwa.

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi, kisha nikaitia ndani ya debe la unga na kufunika. Nilikukasirikia sana. Jumapili wakaniuliza, "Mwalimu Wawuda, mmisionari wetu kaandika?" Nikasema barabara bado zimekatika. Jumapili ya pili nikasema hivyo hivyo. Ya tatu wakanisihi angalau niwasomee ile ya kwanza, wapate moyo. Nikaenda nayo. Nikasimama mbele na kuisoma, watu wanane, darasa la nne, huku nikijua. Wakapiga vigelegele vile vile.

Pale ndipo nilipojiona. Wewe ulidanganya ukiogopa kunihuzunisha. Mimi nilidanganya kwa kupenda kuamkiwa njiani. Ukipima, uongo wangu ndio mzito zaidi.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mama yako alipokufa, na yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wa kaka yangu, niliacha kuomba. Nilinuna. Lakini kuongoza maombi sikuacha. Nilisimama pale mbele Jumatano baada ya Jumatano, miaka na miaka, maneno yakitoka vizuri kama maji ya bomba, nami nafikiria kuni. Wewe ulikuwa umeketi mkeka wa mbele, ukinitazama. Labda ulijifunza kwangu kuliko nilivyotaka.

Jumapili iliyopita nikaitoa barua kwenye debe, nikaikung'uta unga, nikaisoma yote. Sikuruka. Halafu nikasema na yangu, hili la kuificha. Mwenyekiti wa kikundi chetu aliinuka akachukua mkoba wake akatoka. Mzee mmoja nyuma alicheka. Pasta alitazama viatu vyake. 

Bibi Samba akasimama na fimbo yake. Akauliza, "Huyo koplo ana mama?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Basi mwaka mzima tumewaombea watu wasiokuwapo, na aliyekuwapo hatukumjua hata jina. Tutafutieni mama yake."

Akaketi. Ibada ikaisha bila wimbo wa mwisho.

Kwa hiyo nijibu: mama yake yuko wapi? Na wewe unalala? Unakula? Sikuachi, Mwalugha. Sijui kama uliogopa nitakuacha.

Shangazi yako,
Wawuda


Diff,
3 Mei 1998

Mpendwa Shangazi,

Ndiyo, niliogopa. Nilikuwa nikienda kuliangalia gari la barua kila lilipoingia, kisha nikafika mahali pa kujificha lisinione. Mzee Hared ndiye aliyenipa barua yako mkononi. Niliisomea nyuma ya tangi la maji, na nilipomaliza nilikaa palepale mpaka wagonjwa wakaanza kuniita. Sikujua habari hizo za mama na wewe. Nilidhani wewe ulizaliwa ukiomba.

Mama yake Nguli anaishi karibu na Mwingi, kijiji ambacho polisi wenzake wameniandikia kwenye karatasi hii ninayoambatisha. Ni mjane. Serikali ilimpelekea taarifa, lakini jinsi mwanawe alivyokufa hakuna aliyemweleza. Nimemwandikia mara tatu na mara tatu nikachana.

Tumeanza. Siyo wanane. Jumapili ya kwanza tulikuwa mimi na mwalimu mmoja, katika baraza ya zahanati. Tulikaa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, mpaka Nurto akatupitia akadhani tunagombana. Jumapili ya pili nilisema maneno machache. Sikuyatoa kitabuni. Sikusikia mbingu ikifunguka, ila nilijua ninasema na nani.

Barua ya uhamisho imekuja, kwenda Voi, kuanzia Julai. Mwaka jana ningerukaruka. Ningekuwa nakuja kula kwako kila mwisho wa wiki, kwenye ule ukungu. Nimekaa nayo juma zima, na nimejibu kwamba naomba kubaki mwaka mmoja. Usiulize kama ni imani au ni aibu. Nadhani bado zimechanganyika.

Mwanao,
Mwalugha


Wundanyi,
14 Juni 1998

Mwanangu,

Salamu za kwetu, na salamu za Mwingi pia, maana nimetoka huko.

Bibi Samba aling'ang'ania kuja. Nikamwambia, "Mama, safari ni ya siku mbili, na wewe huoni kitu." Akasema, "Kwani naenda kuona?" Basi tukapanda treni hadi Nairobi, kisha basi, mimi na goti langu, yeye na fimbo yake. Akina mama walitufungia chakula. Mwenyekiti, yule aliyetoka na mkoba, ndiye aliyeleta kuku.

Tulimkuta mama yake Nguli nje ya nyumba, anachagua ndengu kwenye ungo. Ni mdogo wa mwili, mikono mikubwa. Tulipojitambulisha kwamba tunatoka kwa daktari wa Diff aliacha ungo, akanishika mikono yote miwili. Akamwita binti wa jirani anayesoma sekondari, akaingia ndani, akatoka na mkebe. Ndani mna barua za mwanawe. Akachagua moja ya Julai mwaka jana, binti akatusomea kwa Kiswahili. Sikiliza ilivyosema: "Mama, usiogope kwamba nimepotea huku kusiko na kanisa. Tuna ushirika. Daktari anatuongoza kila Jumapili, na tuna vitabu vya nyimbo kutoka Taita."

 Naye alimwandikia mama yake ushirika uleule usiokuwapo, Mwalugha. Alikuwa anautarajia, akamwandikia kana kwamba umekwisha kuanza.

Mama yule akasema, "Wewe ndiwe uliyemlea daktari? Mwanao alinitunzia mwanangu."

Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kumeza mate. Ningesema asante, tungekunywa chai, tungelia pamoja, na angebaki na faraja yake. Nani angeumia? Nilimtazama Bibi Samba nikitaka aniambie la kufanya, lakini yeye hunitazama bila kuniona. Ndipo nikamweleza. Sanduku chini ya kitanda, Jumamosi zile zote, na namna ulivyonyamaza, na namna alivyoimaliza sala mwenyewe. Binti alikuwa akitafsiri huku machozi yanamtoka.

Mama akarudi kwenye ndengu zake. Akachagua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo naye alinidanganya?"

"Ndiyo, mama."

"Ili nisihuzunike."

"Ndiyo."

Akacheka, cheko la kilio. "Tangu utotoni hakujua kudanganya. Nilikuwa namkamata mlangoni. Safari hii nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini." Akafuta uso kwa leso. "Lakini ile sala, aliimaliza mwenyewe?"

"Mpaka amina."

"Basi hiyo ni yangu. Hiyo hamkunidanganya."

Tulilala kwake siku mbili. Tulimenya, tulipika, Bibi Samba alimfundisha wimbo wa Kitaita naye akatufundisha wa Kikamba. Tulipoaga alisema nikuambie maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie simchukii. Lakini asinililie kwa barua. Anioneshe mahali alipomlaza."

Nikamweleza umbali, hatari ya barabara, magari kusindikizwa na askari. Akasema, "Nikishavuna nitakuja." Siwezi kumwacha aende peke yake. Kwa hiyo jiandae, mwanangu. Tunakuja wawili. Bibi Samba tumemkataza, na amenuna.

Shangazi yako,
Wawuda


Diff,
12 Septemba 1998

Mpendwa Shangazi,

Barua hii sitaiposti. Wakati naiandika mko njiani. Wajir wameniambia kwa simu ya upepo kwamba mama wawili wazee wamelala pale jana salama na wamepewa nafasi katika gari la chanjo linalokuja kwetu leo. Polisi wa Wajir aliongeza kwamba mmoja wao amemkaripia dereva kwa mwendo. Nikajua ni wewe.

Naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Tangu alfajiri siwezi kukaa. Nimefagia zahanati mara mbili. Nurto amechinja mbuzi na kupika anjera, mikate yao laini, nyingi kama za harusi, na ametandika nyumba yake mwenyewe kwa ajili yenu, mikeka mipya na mashuka, kwa sababu, anasema, mama aliyezika mtoto halali chumba cha mwanaume. Aliniuliza mama yake Nguli anapenda chai ya sukari nyingi au kidogo. Nikasema sijui. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ni mtu asiyejua kitu cha maana hata kimoja.

Kaburi tumelizungushia mawe meupe. Nimefanya kazi hiyo na wale polisi wawili na mwalimu wetu. Ndio ushirika wenyewe, Shangazi, wanne, mmoja akienda likizo watatu. Zipo Jumapili nasoma na kuomba na sisikii kitu. Zipo nyingine nasikia. Sikuandikii kukufurahisha, ndivyo ilivyo.

Nimefikiria nitamwambia nini. Nimetunga maneno na kuyaacha. Alisema nimwoneshe mahali, basi nitamwonesha mahali. Akitaka kuuliza nitajibu. Akitaka kunyamaza nitasimama naye juani mpaka achoke yeye.

Nimeota ukungu usiku wa kuamkia leo. Ulikuwa umeingia mpaka zahanati, na wagonjwa wanaushangaa, na mama yangu yuko barazani anacheka. Nitakusimulia vizuri.

Mzee Hared anapiga kelele kutoka langoni: "Taktari! Toka! Wazee wako nakuja!" Vumbi naliona, liko upande wa kisima. Naweka kalamu chini nikampokee mama yake Nguli kwanza, kisha wewe.

Mwanao,
Mwalugha